Moshi wa Kiti cha Nyuma

Katika nchi yetu gari la ofisi huzungumzwa zaidi kwa bei yake kuliko kwa hewa yake. Tunajadili mashangingi: yamenunuliwa kwa kiasi gani, yanakunywa mafuta kiasi gani, nani anastahili kupewa na nani hastahili. Mijadala hiyo ni halali na inapaswa kuendelea. Lakini ndani ya gari hilo mara nyingi mna watu wawili, mmoja amekaa kiti cha nyuma na mwingine ameshika usukani, na hewa wanayovuta ni moja. Makala haya yanahusu hewa hiyo. Nililazimika kuifikiria kwa sababu ya kazi ndogo isiyo na hadhi yoyote ya kitaaluma, yaani kuondoa harufu ya sigara ndani ya gari.

Gari lenyewe nililinunua mnadani. Lilikuwa mali ya ofisi moja ya umma ambayo sina haja ya kuitaja, na lilikuwa limemaliza muda wake wa utumishi. Injini yake ilikuwa nzima, bodi haikuwa na kutu, na bei ilikuwa ya chini kuliko ya magari ya umri wake. Sababu ya bei hiyo ilijitangaza mara mlango ulipofunguliwa. Ilikuwa harufu ya sigara iliyokaa humo miaka mingi. Mtu mwenye nia njema alikuwa ametundika vibao vitatu vya manukato kwenye kioo cha ndani, na kimoja kilikuwa cha limau. Matokeo yake ni kwamba gari lilinuka sigara na limau kwa pamoja. Wahenga walisema funika kombe mwanaharamu apite, lakini harufu haipiti kwa kufunikwa.

Nilijua ninachonunua. Nilijua pia kwamba mpwa wangu, anayeishi nasi na mwenye pumu, asingepanda gari hilo hadi litakapokuwa safi kwelikweli, si kwa kunusa tu. Kwa hiyo niliweka fedha kidogo pembeni na Jumamosi tatu za kazi.

Aliyenikabidhi funguo alikuwa dereva aliyeliendesha gari hilo kwa miaka tisa. Mzee huyo alikuwa amestaafu mwaka uleule gari lilipostaafishwa, na ofisi ilimwita aje amwoneshe mnunuzi tabia zake. Alinieleza gia inavyoingia asubuhi, breki ya mkono inavyotaka kuvutwa, na taa ipi huwaka pasipo sababu. Kisha akaongeza, kwa sauti ya chini kidogo: “Mwalimu, ukitaka kulisafisha hili ndani, niite. Mimi ndiye ninayejua moshi umelala wapi.” Nilimwita.

Kabla sijaeleza tulichokikuta, ni vyema msomaji ajue harufu hiyo ni kitu gani. Tumezoea kudhani kwamba moshi ni hewa, na kwamba ukifungua madirisha utaondoka. Sehemu yake huondoka kweli. Lakini moshi wa sigara una kemikali zaidi ya 7,000, na nyingi kati ya hizo hazibaki hewani. Hutua. Lami hutua kwenye vioo na kuacha utando wa manjano. Nikotini hushika kwenye kitambaa, kwenye plastiki ya dashibodi na kwenye sponji iliyo chini ya kitambaa cha kiti. Gari likianikwa juani, joto huzifukuza kemikali hizo kutoka zilikojificha na kuzirudisha hewani. Ndiyo maana gari ambalo asubuhi halinuki sana huweza kunuka kama jalala la vichungi vya sigara ifikapo saa saba mchana. Mvutaji anaweza kuwa ameshuka miezi sita iliyopita, lakini alichokivuta bado kimo.

Wataalamu wa afya wamelipa jambo hili jina. Moshi unaovutwa na mwenye sigara ni wa kwanza. Unaovutwa na aliye karibu naye ni wa pili. Na mabaki yanayokaa kwenye nguo, kuta na viti yameitwa moshi wa mkono wa tatu. Mwaka 2008 watafiti wa San Diego, Marekani, walichapisha matokeo ya kupima magari yaliyotumika yaliyokuwa yakiuzwa na watu binafsi. Walikuta nikotini hewani, kwenye vumbi na juu ya dashibodi za magari ya wavutaji. Mwaka 2010 watafiti wa Berkeley walionesha kwamba nikotini iliyotua, ikikutana na gesi moja itokanayo na vitu vinavyoungua, ikiwa ni pamoja na mafuta ya magari, huunda kemikali za jamii ya zile zinazosababisha saratani. Miongoni mwa sehemu walizozikuta ni ndani ya lori la dereva mvutaji. Kwa maneno mengine, harufu ni taarifa tu. Kinachotolewa taarifa ni kitu kinachoshikika, na kitu kinachoshikika huondolewa kwa kuoshwa.

Jumamosi ya kwanza tulitoa kila kilichotoka: mazulia, vifuniko vya viti, vitu vya buti, na kidroo cha majivu ambacho hakikuwa na majivu lakini kilikuwa na ngozi nyeusi ya lami. Vijana wawili wa mahali pa kuoshea magari walipitisha mashine ya kunyonya vumbi hadi kwenye reli za viti. Kisha tukafuta kila sehemu ngumu kwa maji ya uvuguvugu yenye siki, nusu kwa nusu. Siki haikuchaguliwa kwa mazoea tu. Nikotini ni besi na siki ni asidi. Zikikutana, nikotini hugeuka chumvi inayoyeyuka majini na kutoka pamoja na kitambaa cha kufutia. Tulibadilisha vitambaa mara nyingi. Maji ya ndoo ya kwanza yalikuwa na rangi ya chai ya rangi, ya ndoo ya tatu bado yalikuwa ya chai, na kijana mmoja aliuliza kama gari hilo liliwahi kuungua.

Dari ndilo lililotaka subira. Moshi hupanda, kwa hiyo dari hubeba zaidi kuliko watu wanavyodhani. Lakini kitambaa cha dari kimebandikwa kwa gundi, na ukikilowesha kama unavyolowesha zulia, gundi huachia na dari huanza kuning'inia kama chandarua. Kwa hiyo lilifutwa kwa povu kavu, kipande kwa kipande, bila kusugua. Hapo ndipo ramani ya safari za miaka tisa ilipoonekana. Juu ya kiti cha nyuma upande wa kushoto palikuwa na doa pana la kahawia. Ndipo alipokuwa akikaa mkubwa.

Jumamosi ya pili ilikuwa ya viti na mikanda. Viti viliondolewa, vikaoshwa kwa shampuu na mashine inayovuta maji machafu kutoka ndani ya sponji, kisha vikaachwa juani siku nzima milango ikiwa wazi. Mikanda huwa inasahauliwa. Ukiivuta yote hadi mwisho wake, utakuta sehemu inayojikunja ndani ya nguzo haijawahi kuoshwa tangu gari lilipotoka kiwandani. Baada ya viti kukauka tulinyunyiza bikaboneti ya soda, ile ya kuokea na si magadi ya kufulia, tukaiacha usiku kucha na kuinyonya asubuhi. Mkaa wa kawaida ambao wengi huuweka ndani ya gari husaidia kidogo. Mkaa uliotengenezwa maalumu, wenye vitundu vingi zaidi, husaidia zaidi. Lakini vyote viwili hunyonya harufu iliyo hewani tu. Haviwezi kuingia ndani ya sponji kuitafuta.

Tulishauriwa pia tukodi mashine ya ozoni. Sikukubali, na ni vizuri kueleza kwa nini, maana biashara hii inakua mijini. Ozoni huondoa harufu kwa kuzivunja kemikali zake, na inaweza kufika mahali ambapo kitambaa hakifiki. Lakini gesi hiyo huumiza mapafu, mtu hapaswi kuwamo ndani ya gari inapofanya kazi, na huchakaza mpira. Zaidi ya hayo, ikikutana na mabaki ya moshi yasiyooshwa, inaweza kuzaa kemikali nyingine zenye madhara. Kwa nyumba yenye mtoto mwenye pumu, sikuona sababu ya kuondoa sumu moja kwa kuanzisha nyingine.

Jumamosi ya tatu tulifika kwenye kiyoyozi, na hapo ndipo Mzee alipokuwa akinisubiri. Nyuma ya droo ya dashibodi, upande wa abiria wa mbele, hukaa chujio la hewa ya ndani. Fundi alilichomoa. Chujio jipya huwa jeupe au la kijivu hafifu. Hili lilikuwa la kahawia iliyokoza, na mikunjo yake ilikuwa imegandamana kwa utando unaonata. Mzee alilishika, akaligeuza, akanieleza jinsi safari zilivyokuwa.

Mkubwa alikaa nyuma. Kwa sababu ya joto na vumbi, vioo vilifungwa na kiyoyozi kikawashwa kwa mtindo wa kuzungusha hewa ya ndani, ili ubaridi usipotee. Katika mtindo huo, mashine haivuti hewa kutoka nje. Huivuta hewa ya ndani ya gari kupitia mlango ulio mbele, karibu na miguu ya abiria, huipitisha kwenye chujio na kwenye koili za baridi, kisha huipuliza tena kupitia matundu ya dashibodi. Maana yake ni kwamba sigara iliyowashwa kiti cha nyuma ilivutwa mbele, ikapozwa, ikapulizwa usoni mwa dereva. Chujio hilo limetengenezwa kwa ajili ya vumbi. Halizuii gesi za tumbaku. “Yeye alikuwa akivuta mara moja,” Mzee alisema. “Mimi nilikuwa naletewa tena na tena.”

Nilimuuliza kama aliwahi kumwambia. Alinitazama kama mtu anayemtazama mwanafunzi wa mwaka wa kwanza. Mnyonge mnyongeni lakini haki yake mpeni: mkubwa yule, alisema, alikuwa mtu mwema. Alimlipia binti yake ada ya kidato cha tano. Mke wa Mzee alipolazwa, mkubwa alikwenda hospitali mwenyewe. Hakuwahi kumtukana. “Sasa mtu kama huyo, Mwalimu, unamwambiaje azime sigara katika gari lake?”

Nimeyafikiria sana maneno mawili ya mwisho. Gari lake. Gari lilikuwa la umma. Kwa mujibu wa karatasi, halikuwa la mkubwa zaidi ya lilivyokuwa la dereva. Lakini kwa miaka tisa watu wote wawili waliishi kana kwamba mmoja ni mwenyeji na mwingine ni mgeni, na mgeni hamwelekezi mwenyeji avutie wapi. Wala ukatili haukuhitajika ili hali hiyo idumu. Iliendelea kwa heshima na kwa hisani, na hisani ndiyo iliyofanya iwe vigumu zaidi kuisema. Dereva aliyetendewa ubaya anaweza kulalamika. Dereva aliyelipiwa ada anasema asante na kuvuta pumzi.

Mzee ana kikohozi. Sidai kwamba kimetokana na moshi ule. Mimi si daktari, na barabara zetu zina vumbi na moshi wa kila namna. Ninachodai ni kidogo zaidi na hakihitaji cheti cha hospitali: mtu ambaye hajawahi kununua sigara maishani mwake alifanya kazi miaka tisa ndani ya moshi wa sigara, katika gari lililonunuliwa kwa kodi, na hakuna fomu wala kikao ambamo jambo hilo lilipata kutajwa. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba tumbaku huua zaidi ya watu milioni 7 kila mwaka, na kwamba zaidi ya milioni moja kati yao ni watu wasiovuta bali waliovutiwa. Idadi hiyo imejaa wake, watoto na wafanyakazi. Madereva wa ofisi wamo.

Wala tusiseme kwamba hatuna sheria. Tanzania ilitunga Sheria ya Kudhibiti Bidhaa za Tumbaku mwaka 2003. Mwaka huohuo mataifa yalipitisha Mkataba wa Shirika la Afya Duniani wa Kudhibiti Tumbaku, ulioanza kutumika mwaka 2005, nasi tukauridhia mwaka 2007. Kenya ilitunga sheria yake mwaka 2007 na Uganda mwaka 2015. Kifungu cha 8 cha mkataba huo kinazitaka nchi zilizouridhia kuwakinga watu na moshi wa tumbaku katika maeneo ya kazi ya ndani na katika usafiri wa umma. Mwaka 2007 nchi wanachama zilikubaliana juu ya miongozo ya kukitekeleza kifungu hicho, na humo imeelezwa wazi kwamba gari linalotumika kikazi ni mahali pa kazi na linapaswa kutajwa hivyo katika sheria. Miongozo hiyohiyo inasema kwamba kupitisha hewa, kuichuja au kutenga sehemu ya wavutaji hakumkingi mtu. Chujio nililolishika Jumamosi ile lilikuwa ushahidi wa maneno hayo.

Tatizo liko katika neno “ofisi”. Tunaposikia ofisi tunaona jengo, meza na mlango wenye bango la kukataza sigara. Afisa anayezima sigara kwa adabu kabla ya kuingia jengo hilo anaweza kuiwasha tena akipanda gari, bila kuona kwamba ametoka katika ofisi yake na kuingia katika ya mwingine. Maana ofisi ya dereva ni kile kiti. Hana nyingine. Humo hukaa saa nane, na akiwa safari ya mkoani hukaa kumi na mbili. Uingereza, kwa upande wa England, ililimaliza suala hili tarehe 1 Julai 2007: gari la kazi linalotumiwa na zaidi ya mtu mmoja halivutiwi sigara wakati wowote, hata kama kwa saa hiyo lina mtu mmoja tu. Sababu ya sharti hilo ataielewa yeyote aliyewahi kuosha dari la gari. Anayepanda kesho atavuta kilichowashwa leo.

Najua pingamizi zitakazokuja. Mmoja ataniambia kwamba tumbaku ni zao la biashara, na kwamba wakulima wa Urambo, Kaliua na Chunya wanasomesha watoto kwa jani hilo. Ni kweli, na bei wanayolipwa inastahili makala yake. Lakini hakuna mkulima wa Tabora atakayekosa mkate kwa sababu mkurugenzi ameshuka garini kabla ya kuwasha. Mwingine atasema kwamba nchi yenye upungufu wa dawa haina muda wa kujadili harufu za magari. Naye nitamjibu kwamba jambo hili halihitaji bajeti. Linahitaji waraka wa ukurasa mmoja. Si mara nyingi serikali hupata nafasi ya kulinda mapafu ya watumishi wake bila kutumia shilingi.

Naomba basi, kwa wasomaji wangu walio katika utumishi, mambo matatu. La kwanza, gari la umma litamkwe katika kanuni za matumizi ya magari kuwa ni mahali pa kazi pasipovutwa sigara wakati wowote, aliyemo awe mmoja au watano. La pili, kauli hiyo ibandikwe ndani ya gari, mbele ya kiti cha nyuma, ili dereva asilazimike kuisema kwa mdomo wake. Hili ndilo kubwa. Kanuni inayomtegemea mdogo amkumbushe mkubwa haitatekelezwa hata siku moja. Ni lazima karatasi iseme kwa niaba yake. La tatu, chujio la hewa ya ndani liingizwe katika orodha ya matengenezo ya kila mara, na rangi yake iandikwe kwenye kitabu cha gari. Afisa usafirishaji akikuta la kahawia na linanata, atajua kinachoendelea humo bila kumuuliza dereva.

Kwa wanafunzi wangu, mnaojifunza kuichambua dola kwa maneno makubwa, nina ombi jingine. Siku mtakapopewa gari na dereva, na wengi wenu mtapewa, hesabuni pumzi zilizomo kabla ya kuwasha kiberiti. Mtu aliye mbele yenu hatageuka nyuma kulalamika. Macho yake yako barabarani, kwa sababu anawalinda ninyi.

Gari langu sasa linatumika. Mpwa wangu alilipanda kwa mara ya kwanza wiki ya nne, vioo vikiwa wazi, na alifika shuleni salama. Jua likiwa kali sana, harufu hafifu bado hujitokeza karibu na nguzo ya mkanda wa nyuma, nami huosha tena. Gharama yote, kuanzia siki hadi koili za kiyoyozi zilizosafishwa kwa povu, nililipa mimi. Chujio jipya hununuliwa dukani. Ila mapafu ya dereva hayamo katika orodha ya vipuri.